Kiti Alichopewa Salehe

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku niliyopewa habari kwamba treni imeacha reli, nami nikacheka. Usiondoke bado. Kaa nikueleze ilivyokuwa, maana maji hufuata mkondo, na kicheko kile nacho kilikuwa na mkondo wake.

Wengi wenu hapa Kisarawe mnanijua kama Bibi Debora wa kwaya, yule anayekaa benchi la mbele kwa sababu ya magoti. Wachache wanajua kwamba magoti haya yameharibiwa na ngazi za kichwa cha treni. Nilikuwa dereva wa treni ya mizigo. Niliingia reli nikiwa msichana, nikaanza kwa kufagia karakana na kupaka vyuma grisi, nikasoma, nikafanya mitihani, nikawa dereva msaidizi, na baada ya miaka mingi nikakalia kiti cha dereva. Kwenye depo yetu mjini nilikuwa mwanamke peke yangu. Wanaume walinizoea, ingawa kuzoewa si kupendwa, hilo utalijua ukikua.

Kiti kile kilikuwa na raha yake, siwezi kukuficha. Unatoka mjini asubuhi, unaacha kelele nyuma yako, unaingia kwenye mikorosho ya Kisarawe bado ina umande. Nyumba yetu ilikuwa karibu na reli, na mume wangu, Mwalimu Yakobo, alifundisha shule ambayo madirisha yake yanatazama njia ya treni. Nikipita, watoto walisimama wote darasani na kupiga kelele, "Mwalimu, mkeo huyo!" naye alijifanya kukasirika. Nilijiona mtu. Pengine nilijiona mtu kupita kiasi.

Msaidizi wangu alikuwa kijana wa Kurui, jina lake Salehe. Alikuwa mpole, hana maneno mengi, ana macho ya kuona taa ya ishara kabla mimi sijaiona. Nilimfundisha mwenyewe. Nilimfundisha namna ya kuyahisi mabehewa yaliyo nyuma yako, kama mama anavyomhisi mtoto aliye mgongoni, kwamba sasa amelala na sasa ameamka. Alikula chapati zangu, akaniita dada, nami nikamwona mdogo wangu kweli.

Kisha Mungu akatupa mtoto, binti, tukamwita Tumaini. Nikachukua likizo yangu ya uzazi, na ilipokwisha nikamwacha mtoto kwa mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Chole, ile ya huku kwetu Kisarawe, kunisaidia, nikavaa sare, nikaenda depo. Nilikuwa na furaha kama mtoto anayerudi shule na kalamu mpya.

Msimamizi wa madereva aliniita ofisini. Sisi tulimwita Mkubwa tu, na hapa nitamwita hivyo hivyo, kwa kuwa marehemu hasemwi kwa jina. Hakunikaribisha kiti. Aliniambia maneno ambayo mpaka leo nayajua yalivyopangwa.

"Mama anayenyonyesha, akili yake iko nyumbani. Mimi sitaki treni iendeshwe na akili nusu. Nenda ukalee mtoto. Tukikuhitaji tutakuita."

Nilimuuliza ni mpaka lini. Akasema mpaka atakaposema yeye. Nikamuuliza kama nimekosa jambo lolote kazini. Akasema hapana, hili si suala la kosa, ni suala la maumbile. Akafungua faili jingine, maana yake nitoke.

Nilipofungua mlango nilimkuta Salehe amesimama pale nje, kofia mkononi, anasubiri zamu. Nilimsalimia. Aliitikia akitazama viatu vyake. Wiki ile ile nikasikia kwamba amepewa treni yangu.

Hapo ndipo lilipoanza, mwanangu.

Ungetegemea nimchukie Mkubwa, sivyo? Yeye ndiye aliyenifukuza. Lakini moyo una ujinga wake. Mkubwa alikuwa mbali, ofisini, na nilikwisha kuzoea kumwogopa. Salehe alipita nje ya nyumba yangu kila siku. Nilikuwa nimekaa na mtoto kifuani, nasikia treni inakuja, na mwili mzima unasisimka kama wa mke anayemsikia mumewe akicheka nyumba ya mwenzake. Nilisikiliza kila kitu. Nilisikiliza anavyopunguza mwendo kwenye kona, nikisema, amechelewa. Nilisikiliza mabehewa yanavyogongana, nikasema, anayavuta kama mbuzi. Mume wangu aliniambia siku moja kwamba watoto wa shule bado wanasimama kuitazama treni. Nililia. Kwa nini wasimame, na mimi sipo ndani yake?

Nilianza kuwauliza watu habari zake. Amenenepa? Amenunua nini? Amevaa shati gani? Jirani mmoja akaniambia amemwona stesheni anacheka na Mkubwa, basi, nikashona kanzu nzima kwa uzi huo mmoja. Nikaamini kwamba wamepanga, kwamba tangu siku aliyokula chapati yangu ya kwanza alikuwa anakipigia mahesabu kiti changu. Wivu, mwanangu, hauhitaji ushahidi. Unajitosheleza wenyewe.

Mume wangu ndiye aliyesema twende Kibaha. Yeye ni mtu wa vitabu, na alisema sheria za kazi hazimruhusu mtu kumzuia mama kazi kwa sababu ana mtoto mchanga. Alikuwa anamfahamu kiongozi mmoja wa chama cha wafanyakazi pale Kibaha, Bwana Ngonyani, mzee mnene mwenye kuhema, ambaye alinisaidia kupeleka shauri langu kwenye ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Kutoka kwetu tulipitia Mlandizi kwa pikipiki, mtoto nimemfunga mbele, vumbi limetupaka sote rangi moja. Bwana Ngonyani alinionya mapema. Alisema, "Mama Tumaini, shauri lako ni jepesi ukilibeba jepesi. Sema uliitwa, uliambiwa nini na nani. Basi."

Sikusikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Siku ya kwanza ya usuluhishi Mkubwa alikuja na mwanasheria wake, na mwamuzi, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini, akanipa nafasi ya kueleza. Nikafungua mdomo, na kilichotoka si shauri langu, bali ni Salehe. Nilieleza nilivyomfundisha. Nikaeleza anavyokosea kona. Nikasema ni mnafiki, ni msaliti, amepata kazi kwa fitina, hastahili kuongoza hata mkokoteni wa maji. Bwana Ngonyani alinigusa mkono mara mbili, nikauondoa.

Mwamuzi alinisubiri mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, umekuja kulalamikia kuzuiwa kazi, au umekuja kulalamikia kijana huyu kupewa kazi?"

Aliyejibu ni Mkubwa. Akasema, kwa utulivu wa mtu aliyeokota kitu asichokitafuta, kwamba sasa ofisi imejionea yenyewe. Mimi nina ugomvi na mwenzangu wa kazi, na ndiyo sababu hasa nilipumzishwa, kwa usalama wa treni. Suala la mtoto hakulitaja kabisa. Mtoto wangu akayeyuka kama hakuwahi kuzaliwa. Usuluhishi ukashindikana, na tukapangiwa siku ya shauri kusikilizwa na mashahidi. Bwana Ngonyani alinisindikiza mpaka barabara ya Morogoro, na tulipoagana aliniambia tu kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilijua anasema kweli, na bado moyoni nikamlaumu Salehe hata kwa hilo.

Siku chache baadaye nilikwenda Chole na mama mkwe wangu kumsaidia kuvuna mihogo. Nilikuwa nafurahi kwenda, kwa kuwa Chole treni haisikiki. Tulikuwa tumekaa uani tunamenya, mtoto amelala kwenye mkeka kati yetu, simu yangu ikaita, nikaifungulia spika kwa kuwa mikono ilikuwa michafu. Alikuwa mume wangu. Akasema treni ya Salehe imepata ajali, mabehewa mawili yameacha reli.

Nikacheka.

Halikuwa tabasamu. Kilikuwa kicheko cha sauti, kilichonitoka kabla sijauliza kama mtu amekufa. Mume wangu alikisikia, akasema kwa sauti ya taratibu kwamba hakuna aliyeumia, kwamba Salehe alishika breki vizuri na kichwa cha treni kimebaki kwenye reli, na kwamba chanzo ni reli yenyewe iliyopinda kwa joto. Nikakata simu. Nikaendelea kumenya.

Mama mkwe wangu aliweka kisu chini. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mjane wa muda mrefu, mtu wa kanisani asiyekosa ibada ya asubuhi. Tangu anipokee kama mkwe hakuwahi kunigombeza. Alinitazama mpaka nikaacha kumenya.

"Debora," alisema, "umecheka."

Nikamwambia sikucheka kwa sababu hiyo. Akasema umecheka kwa sababu hiyo hiyo. Kisha akanisimulia jambo ambalo hata mwanawe, mume wangu, hakuwa akilijua.

Alisema alipofiwa na mumewe, kijiji kilikuwa kinagawa mashamba kule bondeni, ardhi nzuri yenye unyevu. Mwenyekiti wa wakati ule akamnyima kipande chake, akisema mjane hana nguvu za kulima, na kipande hicho akapewa jirani, mama mwenzake, mwenye mume. "Nilimchukia yule jirani mwaka mzima," alisema. "Nikimwona anatoka na jembe naona giza. Mahindi yake yakiota, naumwa tumbo. Nilimsema kisimani, nilimsema kanisani, nikaacha kupokea hata chumvi yake. Na mwaka mzima ule, mwanangu, mwenyekiti alilala usingizi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Nilipokuja kuzinduka nikamfuata, jirani alikwisha panda minazi. Shamba lenye minazi ya mtu halirudi."

Akachukua kisu chake tena, lakini hakumenya.

"Wewe una haki na una wivu. Wamezaliwa siku moja, wanafanana sura, ndiyo maana unachanganya. Haki inamuuliza aliyekunyima. Wivu unamuuliza aliyepewa. Wewe ulipofika Kibaha ulimpeleka nani mbele? Mtu umpendaye kama mdogo wako amenusurika kufa, na umecheka. Kikulacho ki nguoni mwako, Debora. Si Salehe anayekutafuna."

Nilitaka kujitetea. Nikamtazama Tumaini amelala, midomo inanyonya ndotoni, nikakumbuka kwamba mwanamke aliyecheka ndiye huyo huyo aliyekwenda kuwaambia watu Kibaha kwamba akili yake ni nzima, si nusu. Nikaona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilichutama pale pale, nikalia, na mama mkwe akaniacha nilie mpaka nikachoka, kisha akaniambia nimalize mihogo jua halijawa kali.

Kesho yake nilikwenda Kurui, mtoto mgongoni. Nilimwambia mwenye pikipiki anisubiri, kwa kuwa sikujua kama nitakaribishwa. Salehe alikuwa amepewa mapumziko baada ya ajali, na nilimkuta shambani kwao anaokota korosho na mama yake. Mama huyo, Bi Mwanaidi, alinipokea kama wanavyopokea watu wa Kurui, yaani bila kuuliza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akampokea mtoto, akasema huyu ndiye mtoto mwenyewe, kumbe mzuri hivi. Nikafahamu kwamba habari zangu zilikwisha kufika, na ameamua kunipokea hivyo hivyo.

Salehe hakunitazama. Nilimwambia pole kwa ajali. Akasema ameshapoa. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi kwa niliyoyasema Kibaha, kwa kuwa najua yamemfikia. Aliendelea kuokota, anang'oa korosho kwenye bibo, anatupa bibo huku, korosho kule.

"Dada Debora, nikwambie ukweli?" alisema mwishowe. "Siku ile Mkubwa anakuambia maneno yale, nilikuwa mlangoni. Nilisikia yote. Nilijua ni dhuluma. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nakitaka kiti chako."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunifundisha. Kila nikifanya vizuri, watu walisema amefundishwa na Debora. Hata mama yangu hapa alisema hivyo. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka chapati zako zikawa chungu."

Mwanangu, nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na bado niliposikia hayo mkono uliinuka wenyewe kutaka kumpiga. Basi ilikuwa kweli! Nilikuwa sahihi! Lakini nilikuwa sahihi kwa kitu gani? Kijana alitamani kiti, kama mimi nilivyokitamani nilipokuwa nafagia karakana na kumtazama dereva wangu mwenyewe akipanda ngazi. Kutamani hakukuniondoa kazini. Aliyeniondoa alikuwa ofisini, mlango umefungwa, amelala usingizi. Nikaushusha mkono, nikakaa chini kwenye majani makavu.

Nikamwambia kwamba sikuja kudai kiti mikononi mwake. Nilimwomba kitu kimoja tu, aje Kibaha aseme alichosikia mlangoni.

Akasema akisema hivyo atarudi kuwa msaidizi, au pabaya zaidi. Nikamwambia inawezekana, sitakudanganya. Akaniuliza, "Na wewe ukirudi, hutanitafuna?"

Nilifikiri kabla ya kujibu. "Wivu bado ninao, Salehe. Hata sasa ninao. Lakini nimeujua jina."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Bi Mwanaidi akatupikia wali kwa kunde, tukala sinia moja, mazungumzo yakawa ya mvua na ya bei ya korosho. Nikaondoka sijui nimepata nini.

Siku ya kusikilizwa shauri tulifika Kibaha mapema, mimi, mume wangu na Bwana Ngonyani. Tulikaa kwenye benchi la nje. Nilikuwa natazama kila pikipiki inayoingia. Kisha likaja gari la ofisi, akashuka Mkubwa, akashuka mwanasheria wake, na nyuma yao akashuka Salehe, amevaa shati jipya jeupe.

Sitasahau nilichokisikia kifuani. Lile shati. Nililitazama shati lile na yote niliyoambiwa Chole yakanitoka kama maji kwenye pakacha. Wamemleta kama shahidi wao. Bwana Ngonyani alininong'oneza kwamba wamemwita aje kueleza ugomvi wangu naye, ili kuonyesha kwamba niliondolewa kwa sababu hiyo. Mume wangu alinishika mkono, akaubana kwa nguvu, naye si mtu wa kushikana mikono mbele za watu.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Salehe alikuwa amewekwa chumba cha pili, hanisikii. Ningeweza kusema lolote juu yake. Nilisema niliitwa ofisini siku niliyorudi likizo, nikasema niliambiwa nini na nani, kisha nikasema kwamba yale ya siku ile ya kwanza juu ya mwenzangu yalikuwa ya hasira na nayafuta. Nikakaa. Yalikuwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kusema katika jambo zito, na Bwana Ngonyani akahema kwa nafuu mpaka mwamuzi akamtazama.

Kisha akaitwa Salehe. Mwanasheria wa Mkubwa akamuuliza kama ni kweli mimi na yeye tuna ugomvi. Akajibu kwamba ni kweli, upo. Mwanasheria akageuka kama mtu aliyemaliza kazi. Lakini Salehe hakuwa amemaliza. Akamwomba mwamuzi ruhusa ya kuongeza neno.

"Niliitwa niseme habari za ugomvi, na nimesema. Lakini dada hakuondolewa kwa ugomvi. Ugomvi ulikuja baadaye. Siku alipoondolewa nilikuwa mlangoni, na nilimsikia Mkubwa akimwambia mama anayenyonyesha ana akili nusu. Mimi nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nataka nafasi yake. Sasa sitaki tena kuipata hivyo."

Mkubwa alitazama dirishani. Mwanasheria akamuuliza Salehe kama nimempa chochote. Akajibu kwamba nilimpelekea matusi kwanza, msamaha baadaye, na kwamba wali tulioula ulikuwa wa mama yake. Mwamuzi aliinamisha kichwa kuandika, na nadhani alikuwa anaficha tabasamu.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki kadhaa. Ulisema kunizuia kazi kwa sababu ya kunyonyesha ni kinyume cha sheria, na kwamba nirudishwe kwenye kazi yangu ile ile. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilirudi. Nilipanda ngazi zile na goti likalia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mwili ulikuwa umesahau. Watoto wa shule walisimama.

Lakini msaidizi aliyekaa kando yangu alikuwa kijana mwingine. Salehe alipelekwa kwenye uwanja wa kupanga mabehewa mjini, kazi ya jua na vumbi, ya kuunga na kufungua siku nzima. Hakuna aliyesema ni adhabu, na hakuna aliyehitaji kusema. Mwanangu, nilikuwa nimeshinda shauri, na kila nilipopita uwanja ule nikamwona ameinama kati ya mabehewa, ushindi ule niliuonea haya. Mara ya kwanza nilipompungia mkono alisita, kisha akaupunga wake. Nilianza kumtembelea siku za mapumziko, tukasoma pamoja kwa ajili ya mtihani wa kumrudisha kwenye udereva. Mkubwa alipohamishwa, aliyekuja baada yake alisoma kumbukumbu za kazi bila kusoma na chuki za zamani, na Salehe akapanda tena.

Ungependa niishie hapo, nami ningependa. Ila ukweli hauishii hapo. Salehe hakusimama kwenye udereva. Alipanda mpaka akawa mkufunzi wa madereva wote wa njia yetu, na mwaka fulani akaja kunipima mimi. Alikaa nyuma yangu na kalamu yake, mimi niliyemfundisha kuhisi mabehewa, naye ananihesabia makosa. Nikapunguza mwendo kwenye kona, akasema kwa heshima, "Dada, umechelewa kidogo." Na wivu ukaja. Ulikuja kama mgeni anayeijua nyumba, hata hodi hakupiga. Nikautambua. Nikamwambia Salehe, "Kweli, nimechelewa," nikarekebisha, tukaendelea na safari. Leo Salehe naye amestaafu. Sikukuu ya Idi akinialika Kurui naenda, na Krismasi anakuja kwangu, na Tumaini anamwita mjomba.

Sasa nikuambie ninalotaka kukuambia, mwanangu, wewe unayeamka asubuhi na kitu cha kwanza unachofanya ni kufungua simu uone nani amepata nini. Sikuambii usione wivu. Nitakuwa mwongo, na Bibi Debora wa kwaya hapaswi kuwa mwongo. Wivu utakujia, hata uwe mtu wa sala. Ukikujia uutaje jina lake, usiuite haki. Ukidhulumiwa, usiketi kulia tu, kadai. Nenda Kibaha, nenda popote penye mizani, usiogope ofisi wala suti ya mtu. Lakini kabla hujafungua mdomo jiulize unamdai nani. Ukiona kidole chako kinamwelekea aliyepewa, na aliyekunyima amekaa pembeni anakunywa chai, rudi nyumbani kwanza ukalale. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Mwenzio aliyepewa kilicho chako si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni mtu mwenye njaa kama yako, na pengine ndiye pekee aliyesimama mlangoni akasikia.

Na ikiwa wewe ndiye uliyesimama mlangoni, sema. Usingoje dada yako aje na mtoto mgongoni kukuomba.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akupe kazi ya mikono yako na akulinde usiichukie ya jirani. Unyimwapo, akupe ulimi mfupi na pumzi ndefu. Upewapo, akupe macho ya kumwona aliyeachwa nje. Na siku ukisikia mwenzio ameanguka, akujaalie usimame kwenda kumwinua kabla kicheko hakijakufika mdomoni. Amina.